Bi Kazija, Mtunga Majina ya Kanga

Zamani mwanamke wa Kilwa Kivinje alivaa neno alilolitaka mwenyewe, siku hizi anavaa neno alilochaguliwa na mwenye kiwanda asiyejua hata kama Kivinje iko pwani au bara.

Juzi binti mmoja alipita mbele ya nyumba yangu akienda mazikoni. Kanga aliyojitanda ilimpongeza mama kwa kujifungua salama. Nilimwuliza kama amesoma alichokivaa, akaniambia aliipenda rangi. Binti huyo amemaliza darasa la saba. Na kitambaa chenyewe ni cha kufua mara tatu, mara ya nne ukichekechee unga. Hawa ndio wanaotuambia wazee kwamba tuliishi gizani. Basi nitaandika habari za mwanamke mmoja wa huko gizani, ili anayejua kusoma asome, na anayependa rangi aendelee na rangi zake.

Bi Kazija binti Likwata alikaa nyuma ya msikiti wa Ijumaa, katika nyumba ya udongo yenye mlango wa mninga. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na alimfundisha herufi pamoja na kaka zake, jambo ambalo wengi hawakuwafanyia mabinti zao. Kaka zake walisahau. Yeye hakusahau. Alipofiwa na mume alikuwa na kazi mbili: kusuka mikeka, na kutunga majina ya kanga. Jina ni yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini. Nalieleza kwa ajili ya vijana, ambao siku hizi wanayaita tangazo.

Kutunga kwake hakukuwa jambo la kuropoka. Mwanamke akija na shida yake, Bi Kazija alimwuliza nani atakayesoma, nani anatakiwa aumie, na nani anatakiwa acheke. Kisha alimwambia arudi baada ya siku tatu. Mke mmoja aliyeletewa mke mwenzake, na mwenzake akajisifu mtaani kwamba nyumba sasa ni yake, alitungiwa hili: "Mlango umepewa, ufunguo ninao." Yule mwenzake hakutoka nje mwezi mzima. Alikuwa mdogo wake Bi Ziada, mama wa mfanyabiashara wa boriti, na Bi Ziada hakuwa mwanamke wa kusahau. Habari zake zitakuja.

Jina likishakamilika, Bi Kazija hakuliandika kwanza. Alilisema. Alilisema kwa wanawake watatu au wanne barazani kwake, nao wakalichukua hadi kisimani na jikoni, na kwa muda wa wiki mji wote ukawa unalijua. Ndipo alipoandika kwa herufi za Kiarabu, akapeleka karatasi dukani kwa Mhindi tuliyemwita Mapindo. Tulimwita hivyo kwa sababu akishakushikisha pindo la nguo hukuondoka mpaka umenunua. Mapindo alituma karatasi ile ng'ambo, na kiwanda kilinakili herufi kama zilivyo, kama mtu anavyonakili ua. Miezi sita baadaye robota la kanga lilifika. Lakini neno lilikuwa limekwisha kufika siku nyingi. Maandishi yalikuja kushuhudia tu. Hakuna aliyesimama mbele ya kanga akijiuliza imeandikwa nini, maana sikio lilikuwa limelitangulia jicho.

Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mapindo. Nilikata doti na kupinda kingo. Niliyoyaona niliyaona kutoka kwenye kiti hicho.

Bi Kazija alikuwa na shida moja duniani, na shida hiyo ilikuwa bintiye, Samia. Posa yake ya kwanza ilirudishwa siku nane kabla ya arusi. Aliyeposa mara ya pili alikufa kwa homa kabla ya kutoa mahari. Baada ya hapo mji wetu, ambao watu wanaukumbuka leo kana kwamba ulijaa wacha Mungu, ulimpa binti yule jina la mkosi. Alifika miaka ishirini na tisa akimsaidia mama yake kusuka mikeka, na wanawake walipopita walipunguza sauti, lakini si mpaka wasisikike. Bi Kazija alitaka kumwona Samia ndani ya nyumba ya mume kabla hajafa. Hakuwa na haja nyingine.

Vita vya Hitla vilipokwisha, na nguo zikaanza kuonekana tena madukani baada ya miaka ya kuvaa viraka, akaja mposaji wa tatu. Alikuwa Bakary, mwana wa Bi Ziada yule yule, aliyefiwa na mke na kuuza boriti hadi Lindi. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mpole, na bado alimwuliza mama yake kabla ya kununua kofia. Jinsi alivyopata ujasiri wa kumtaka Samia sijui. Mama yake alikubali kwa midomo iliyobanwa, na kila mtu alijua anatafuta sababu ya kukataa.

Hapo Bi Kazija alifanya kosa lake, na sitalificha. Alivunja utaratibu wake mwenyewe. Alitunga jina la kanga za sare, doti arobaini za wanawake watakaomsindikiza Samia, na hakulisema kwa mtu isipokuwa Samia. Alitaka lianguke juu ya mji siku ya arusi, kwa mara moja, bila onyo. Jina lilikuwa "Nimeolewa, mnasemaje." Maneno mawili. Ukitaka kujua uzito wake, fikiria miaka kumi ya kunong'onwa.

Mwaka huo huo kiwanda kiliandika kwamba hakitapokea tena herufi za Kiarabu. Wateja wa bara hawazitaki, wakasema, na mafundi wao wanazikosea. Majina yapelekwe kwa herufi za Kizungu. Mapindo akaajiri karani wa kuyageuza, kijana wa hapa hapa Kivinje, Abilahi, aliyepita chuoni kama sisi kisha akaenda shule ya serikali mpaka darasa la sita. Alivaa suruali ndefu, na mfukoni alichomeka kalamu ya wino iliyokauka. Alikuwa anajua herufi za aina mbili na hakuwa na neno la kuandika kwa aina yoyote.

Bi Kazija alikuja na karatasi yake asubuhi. Nilikuwa napinda shuka, hatua nne kutoka walipokuwa.

"Mwanangu, nikusomee, nawe unirudishie," alimwambia.

"Bi Kazija, kusoma ndiko nilikosomea. Iache hapo."

"Mara moja tu."

"Mimi si mtoto wa chuo wa kurudia nyuma ya mwalimu."

Bi Kazija alitazama watu waliokuwa dukani. Walikuwa wanne, na kulisema jina kwa sauti mbele yao kungeivunja siri yake. Akaiweka karatasi mezani akatoka.

Sasa asiyejua herufi zile lazima aelezwe. Katika Kiswahili cha herufi za Kiarabu, alama ya O ndiyo ya U, na alama ya E ndiyo ya I. Mababu zetu waliandika hivyo mikataba, barua na tenzi, na walielewana, kwa sababu waliandikiana watu wenye akili. Lakini andika "nimeolewa" kwa herufi hizo, kisha mpe mtu asiyejua habari, naye anaweza kusoma "nimeuliwa." Wa shule watasema ni "nimeuawa." Kwetu tulisema nimeuliwa, na maana ni ile ile. Abilahi alisoma hivyo. Baadaye aliniambia aliona ni jambo la kawaida, kwani majina ya kanga za wanawake ni malalamiko matupu. Mtu anazaliwa na mwanamke, ananyonyeshwa na mwanamke, anakwenda darasa la sita, anarudi na hilo.

Robota lilifika mwezi mmoja kabla ya arusi. Kanga zilikuwa nzuri, sijui kama nimeona nzuri zaidi: nyekundu ya damu ya mzee yenye mji mweupe, yaani ile sehemu ya katikati, pamba nzito, wanga wake unanukia ukifunua. Abilahi alizisoma akaona kila kitu sawa. Mimi nilizipinda zile arobaini na sikujua hata herufi moja ya Kizungu. Bi Kazija hakujua. Wale wanawake arobaini hawakujua. Alipowagawia nyumbani kwake alilisema jina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipotoka alikuwa anacheka peke yake njiani. Mwanamke mmoja alipitisha kidole juu ya maandishi mbele yangu, akanisomea "Nimeolewa, mnasemaje" taratibu kama msomi, kutoka kulia kwenda kushoto.

Siku ya kumpeleka bibi arusi, doti nne nyingine, nje ya zile arobaini, zilikuwa bado hazijapindwa, kwa hiyo nilibebeshwa cherehani yangu hadi kibarazani kwa Bi Ziada nizimalizie pale pale. Ndiyo maana niliona. Walikuja saa nne za asubuhi wakiimba jina lenyewe, "nimeolewa, mnasemaje, nimeolewa, mnasemaje," Samia katikati yao amefunikwa, na mama yake mbele, amenyoosha shingo kama mtu anayeweka chini mzigo wa miaka. Wakaingia uani. Midomo arobaini ilisema jambo moja, na migongo arobaini ilisema jambo jingine, na hapakuwa na mtu wa kujua.

Alikuwapo mmoja. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda, alikuwa Mmakonde aliyehamishiwa kwetu, na mke wake, Rosalia, alisoma misheni huko kwao. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, bado mgeni mjini, na alialikwa kwa sababu aliwahi kumwuguza Bi Ziada jipu. Alisimama kando ya ukuta akiwatazama wanaocheza. Niliona midomo yake ikisogea. Alisoma mgongo mmoja, akasoma wa pili, kisha akamgusa bega mwanamke wa karibu.

"Mama, aliyeuliwa ni nani?"

Yule mama alicheka. Akamwambia hakuuliwa mtu, mwanangu, kaolewa, ndiyo furaha yenyewe.

"Kanga inasema ameuliwa," Rosalia alisema, na kwa kuwa hakujua analofanya, akamwonyesha kwa kidole: hii U, hii L, hii I.

Habari ilitembea uani kama moto wa makuti. Wimbo ulikufa vipande vipande, wa mwisho kunyamaza wakiwa wale wa nyuma, waliokuwa bado wanaimba kwamba wameolewa wakati wa mbele wamekwisha kujitazama mapaja. Bi Ziada alitoka ukumbini. Aliuliza polepole, kwa raha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, kama mwanawe leo amekuwa muuaji.

Abilahi aliitwa. Alikuja na ile karatasi, maana alizitunza karatasi kama serikali. Ikapelekwa kwa Mwalimu Yahya, mzee wa chuo, aliyekuwa nje na wanaume. Mwalimu Yahya aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Alikuwa mkweli, na ukweli wake siku hiyo haukumfaa mtu. Alisema karatasi inasomeka nimeolewa na inasomeka nimeuliwa, hivyo karani hakudanganya na mwandishi hakukosea.

Abilahi hakuridhika na kuachiwa. Alisema herufi za Kizungu hazina mashaka, O ni O na U ni U. "Ubaya uko kwenye hizi zenu," alisema. Zenu! Herufi alizosomea Alhamdu, herufi alizoandikiwa hirizi alipougua surua, zilikuwa zetu.

Lakini Bi Ziada ndiye aliyeijua kazi ya Bi Kazija kuliko wote, kwa kuwa iliwahi kumchoma. Alisema mtu hodari wa mafumbo hawezi kuandika neno lenye sura mbili bila kuziona zote mbili. Alisema nusu ya mji bado inakumbuka mlango na ufunguo. Mtu wa namna hiyo ameandika nimeuliwa juu ya migongo arobaini, akailetea nyumba yake siku ya arusi, na sasa anajificha nyuma ya sura ya pili. Watu waliitikia kwa vichwa. Na hebu tazameni: kile walichomsifia miaka ishirini ndicho walichomfungia nacho kamba. Angekuwa mjinga wangemwamini.

Bakary alikuwa amesimama mlangoni anatazama makubazi yake. Sijawahi kuona makubazi yakitazamwa kwa bidii namna ile.

"Kazija," Bi Ziada alisema, bila Bi, "mambo ni mawili. Ama umekuja kumwapiza mwanangu, basi mchukue binti yako sasa hivi kabla hajakaa kitandani. Ama hujui kuandika. Kama hujui, waambie hawa."

Samia alikuwa ameingizwa nyuma ya pazia la ukumbi, hatua sita kutoka hapo. Pazia halikutikisika. Bi Kazija alilitazama. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema alitaka kumsomea karani, karani akakataa, na mimi fundi nilikuwapo nikasikia. Alinitupia jicho mara moja. Nilikuwa na mguu juu ya cherehani na kazi kwa Mapindo, na nilinyamaza. Lakini hata ningesema, ingesaidia nini? Bi Ziada hakuuliza kosa la nani. Aliuliza nia, na nia haina shahidi. Ujinga tu ndio uliokuwa unasamehewa pale uani.

"Sijui kuandika," Bi Kazija alisema.

"Sikusikia."

"Sijui kuandika, Bi Ziada. Nilikuwa nikijifanya."

Mwanamke mmoja alicheka, kisha mwingine. Walikuwa wamevaa neno lake wakati wanacheka. Bi Ziada alisema basi, ya mjinga tumeyasamehe, akaamuru kanga zigeuzwe ndani nje na ngoma iendelee. Nazo zikageuzwa, ngoma ikaendelea, na Samia akakaa kwenye kitanda cha mume wake. Nilimaliza kupinda zile doti nne, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache.

Kuanzia wiki ile hakuna mwanamke aliyekwenda tena nyuma ya msikiti wa Ijumaa kutaka jina. Watu waliolipokea kila neno lake kwa miaka ishirini walisadiki kabisa neno moja tu alilowahi kusema la uongo. Abilahi ndiye aliyepewa kazi ya kutunga. Alitunga "Salamu kwa wote walio mbali na karibu." Alitunga "Afya njema ni kitu kizuri." Mimi nimezipinda hizo, kwa mamia, na wanawake wa Kivinje wamezivaa wakitembea kama watu waliosema jambo. Kanga zilizobaki katika robota, Mapindo alizipeleka Likawage, ambako hakuna aliyezisoma, na nasikia kwa miaka mitano huko wanawake walilima na kuvuna wakiwa wameuliwa. Doti moja niliiweka. Kwa doti hiyo nilijifunza herufi za Kizungu, nikiwa mtu mzima, peke yangu, kuanzia U. Tangu hapo nimesoma kila kilichoangukia mkononi mwangu, na sijakuta bado kitabu kilichonionyesha kwamba Abilahi alikuwa na akili.

Samia alikaa na Bakary. Sitasema walikuwa na furaha, kwani sikulala kwao. Walipata watoto wawili, wakahamia Lindi ilipohamia biashara ya boriti, na Bi Kazija aliwafuata baada ya Bi Ziada kufariki. Hakuaga mtu. Nyumba yake ilinunuliwa na mtu wa Masoko, akaifanya ghala la chumvi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Lindi, kama miaka minane baada ya arusi ile. Nilikwenda kununua uzi. Katika duka moja karibu na soko alisimama bibi mwembamba mbele ya rundo la kanga, akishika moja moja katikati ya vidole viwili, akiisugua, akiinusa wanga, akiipima nyuzi dhidi ya mwanga wa mlangoni. Nilimjua kwa vidole kabla ya uso. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza kama bado niko kwa Mapindo, nikasema bado. Nilitaka kumwambia kwamba nilisikia kila kitu asubuhi ile dukani. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga miaka minane, na yote yalikuwa kinywani.

Muuzaji, kijana mchangamfu, aliona amechagua moja ya bluu, akaona amsaidie mzee asiyejua kusoma. Akaikunjua, akaanza kumsomea jina la kanga kwa sauti.

"Sikukuuliza," Bi Kazija alimwambia.

Alilipa, akaikunja kanga maandishi yakiwa ndani, akaiweka kwapani. Alinipungia kichwa, akashuka ngazi za duka, akaelekea kwa Samia.